Mashua Zilikuwa na Majina: Niliyojifunza Kwenye Konferansi ya Vita, Makumbusho ya Lubumbashi



Mwezi uliopita niliongea kwenye konferansi ya historia ya vita, katika chumba kimoja cha makumbusho yetu hapa Lubumbashi. Tangu siku ile ujumbe haujaisha. Rafiki wa promosheni yetu aliniandikia: «Weye uko mutu ya mahindi, vita ulisomea wapi?» Wengine wanauliza konferansi kama zile zina faida gani kwa kijana mwenye lisansi mfukoni na bado anatafuta kazi. Nimekawia kujibu juu jibu si la mistari miwili. Nalileta hapa pamoja na aibu niliyopata siku ile, maana bila ile aibu nisingekuwa na kitu cha kuandika.

Mambo yalianza na yaya mmoja, asistanti wa historia. Alikuwa anatayarisha maongezi ya Jumamosi: kila mara mtu mmoja, dakika 20, kisha watu wanauliza. Habari yenyewe ilikuwa vita ya 1914–1918 upande wetu huu wa Afrika. Akaniita: «Bunduki, kuko mwenye kuisema. Bajenerali, kuko mwenye kubasema. Lakini bale basoda balikula nini? Ile, hakuna mwenye kunijibia. Weye njo agronomu.» Nilicheka, kisha nikakubali. Tangu siku ya kutetea kazi yangu ya mwisho, hakuna mtu aliyekuwa ameniomba niongee mbele ya watu kuhusu kitu nilichosomea.

Kwa wasiojua: makumbusho yetu yalianzishwa mwaka 1946 na Francis Cabu, Mbelgiji aliyeshughulika na vitu vya kale vya ardhini. Miaka mingi watu wa mitaani waliyaona kama fasi ya wageni na ya watoto wa shule wakiletwa kwa mstari. Kitu kilianza kugeuka kuanzia mwaka 2000, wakati watu wa Universite ya Lubumbashi, pamoja na mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, walipoanza mradi wa Mémoires de Lubumbashi. Mradi ule uliwaomba wakaaji wa mji waseme wenyewe habari ya maisha yao, na maonyesho yakafanyika palepale kwenye makumbusho. Lakini msifikiri kwamba ni maprofesa waliotufundisha kusema historia yetu. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili cha hapa, akiongea upande wa wale waliofanya kazi za nyumbani kwa wazungu. Na miaka ya 1970 Tshibumba Kanda Matulu aliichora historia ya nchi nzima kwa rangi, picha zaidi ya mia moja, vita zikiwamo nyingi. Kwa hiyo kusimama kwenye makumbusho na kuongea vita mbele ya watu wa mji si desturi ya kuazima.

Sasa, kisa nilichochagua. Nilitaka kitu kilichopita kwenye stesheni yetu, kwenye reli hii hii.

Vita ilipoanza 1914, Wajerumani walikuwa wakubwa wa ziwa Tanganyika. Upande wa mashariki wa ziwa ni Kigoma, na kutoka Kigoma reli yao ilikuwa inakwenda Tabora mpaka Dar es Salaam. Upande wa magharibi ni sisi, Congo ya Wabelgiji. Tarehe 22 Agosti 1914 meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann ilikuja ikaipiga meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, kwenye pwani yetu. Kuanzia hapo, anayetaka kuvusha askari kwenda Kigoma alikuwa kama mtu anayetaka kuvuka barabara ambayo mwenzake amesimama katikati na bunduki.

Mwindaji mmoja aliyeitwa John Lee alikwenda London mwaka 1915 na wazo ambalo mtu mwenye usingizi angelicheka: tupeleke mashua ndogo za mbio mpaka kwenye ziwa, lakini kwa njia ya nchi kavu. Walikubali. Walichagua mashua mbili za mbao, kila moja na urefu wa mita 12 hivi. Mkubwa wa safari, Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa wake walikataa, wakaona ni mchezo. Basi akaleta majina mengine, Mimi na Toutou, na haya yalipita, labda juu hawakujua kwamba kwa Kifaransa cha watoto mimi ni paka na toutou ni mbwa.

Mashua zilishushwa Cape Town, zikapandishwa gari la moshi, na mwisho wa Julai 1915 zikafika hapa, Élisabethville ya wakati ule. Mji ulikuwa na miaka mitano tu. Zikaendelea mpaka Fungurume. Reli iliishia pale, kwenye Fungurume hii hii ambayo leo tunaitaja kwa sababu ya shaba na kobalti. Mbele yao kulikuwa na milima ya Mitumba na karibu km 235 za pori mpaka Sankisia. Kutoka Sankisia kuna reli ndogo mpaka Bukama, kisha mto Lualaba, kisha Kabalo, kisha reli tena mpaka ziwani, Kalemie ya leo.

Nilikuwa nimetayarisha haya yote kwa Kifaransa, na picha 24 za kuonyesha ukutani. Nilipofika kwenye picha ya tano umeme ukakatika. Projekteri kimya. Nilisimama pale kama mtu aliyenyang'anywa nguo. Mzee mmoja wa safu ya nyuma akasema kwa sauti ya upole: «Mwana, ongea tu. Tuko na masikio.» Na mimi, bila kufikiri, nikaendelea kwa Kiswahili, juu karatasi yangu ya Kifaransa sikuweza tena kuisoma katika giza lile.

Wandugu, niliona viti vikisogea mbele. Wamama wawili ambao walikuwa wanaangalia simu zao walizificha. Mpaka leo nasikia haya kidogo: dakika zile nane za kwanza nilikuwa ninaongea na nani?

Bila picha, nilichukua unga. Nilikuwa nimeleta mfuko wa kilo moja wa kuonyesha tu. Nikauweka mezani, nikawaomba tufanye hesabu pamoja, na ninyi mnaosoma ifanyeni pia, juu njo moyo wa habari hii.

Tuseme mpagazi anabeba mzigo wa kilo 25 za unga. Yeye mwenyewe anakula kilo moja kwa siku, kwa sababu kazi ile inaua. Kambi ya askari iko mwendo wa siku 10. Kwenda siku 10, kurudi siku 10: atakula kilo 20 za mzigo wake mwenyewe. Atakachofikisha ni kilo 5. Sasa askari 100 wanahitaji kilo 100 kila siku, maana yake kila siku wapagazi 20 lazima wafike kambini. Kila mmoja wao yuko njiani siku 20, basi kwa wakati mmoja kuko watu 400 barabarani ili askari 100 wale bukari. Bukari tu. Chumvi, risasi, mahema, dawa, kitanda cha ofisa, vyote hivyo bado.

Kisha askari wanasogea mbele kwa siku mbili. Siku 12 badala ya 10. Mpagazi atakula kilo 24, atafikisha kilo moja. Sasa kwa askari walewale 100 unahitaji watu 2,400 njiani. Siku mbili tu za mwendo, na hesabu imekwenda mara sita. Kwenye siku ya 13 mpagazi hafikishi kitu. Anabeba chakula chake mwenyewe, na hata hicho hakimtoshi kurudi nyumbani.

Chumba kilinyamaza. Kijana mmoja wa ekonomia akafanya tena ile hesabu kwenye simu yake, akatikisa kichwa. Ni sahihi.

Ndiyo maana ukisoma habari za vita ile unakuta namba ambazo mwanzoni zinaonekana kama kosa la uchapishaji. Askari wa Force Publique waliopigana upande wa mashariki hawakufika 20,000. Wapagazi waliowatumikia, namba inayotajwa sana ni karibu 260,000 kwa muda wote wa vita. Waingereza kwa upande wao waliwakamata watu kwa mamia ya maelfu, na mtaa wa Kariakoo wa Dar es Salaam ulipata jina lake kutoka jeshi lao la wapagazi, Carrier Corps. Nairobi kuko Kariokor, jina lilelile. Upande wa Zambia waliitwa tenga-tenga. Vita ya Afrika Mashariki ilikuwa kwanza vita ya migongo na vichwa.

Na hesabu yangu ilikuwa ya huruma, juu ilidhani kwamba unga ukifika unalika. Mwenye kusoma agronomia anajua kwamba chakula si kilo peke yake. Muhogo mchungu una sumu. Unataka kulowekwa majini siku tatu, nne, kisha ukaushwe na kutwangwa. Msafara unaotembea kila siku utaloweka wapi? Mahindi yanataka maji, kuni na muda wa kutosha motoni. Mtu aliyetembea tangu alfajiri na mzigo, anayefika jioni fasi isiyo na kuni kavu, anakula nusu bichi. Mtu aliyezoea ndizi au muhogo tangu utoto akipewa unga wa mahindi ulioiva nusu, tumbo linaharibika. Wapagazi wengi sana walikufa hivyo, kwa kuhara damu, bila kuonana na adui hata mmoja. Na pale ambapo mzigo haufiki, jeshi linachukua kwenye ghala za vijiji. Kijiji kilicholala kwenye njia ya jeshi kililipa vita kwa mbegu zake.

Basi nikarudi kwenye mashua. Kutoka Fungurume zilivutwa na mashine mbili za mvuke, mfano wa lokomotivu lakini zinatembea juu ya udongo bila reli, pamoja na ng'ombe wa kukokota na mamia ya watu wenye kamba. Walikata barabara katika pori, walijenga madaraja zaidi ya mia moja juu ya mito na mabonde. Ilikuwa Agosti na Septemba, na ninyi watu wa Katanga mnajua Septemba ni nini: vijito vimekauka, joto linapanda. Mashine ya mvuke bila maji ni chuma cha bure. Wanawake wa vijiji waliitwa walete maji kwa vyungu kichwani, kutoka mbali, yamwagwe ndani ya mashine. Hebu fikirieni: maji ya Septemba, yale ya kunywa na ya kupikia.

Mwisho wa Septemba zilifika Sankisia. Lualaba nayo ilikuwa chini, mashua zikakwama mara nyingi kwenye mchanga. Mwisho wa Oktoba zikafika ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 Mimi na Toutou ziliikamata meli ya Kijerumani Kingani, ikaitwa Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilizamishwa. Meli kubwa kuliko zote, Graf von Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe mwezi wa Julai 1916 ili isikamatwe. Waingereza waliiinua mwaka 1924 na kuipa jina la Liemba, na kwa jina hilo imebeba watu na samaki kwenye ziwa lile miaka mingi sana. Tarehe 19 Septemba 1916 askari wa Congo, chini ya Jenerali Tombeur, waliingia Tabora.

Nikamaliza. Watu wakapiga makofi. Nilijiona mkubwa kidogo, siwafichi.

Kisha mama mmoja mzee akanyoosha mkono. Alikuwa na kitambaa cha bluu kichwani, na alikuja, nilisikia baadaye, kwa kumsindikiza mjukuu wake aliye kwenye graduwa ya kwanza. Akasema:

«Mwana, asante. Umetufundisha muzuri. Bwato moya jina yake Mimi. Ingine Toutou. Ile kubwa ya Bajerumani, umetutajia jina ya kwanza na jina ya pili. Sasa bale bababa balivuta kamba, bale bamama balibeba mayi, majina yabo ni nani?»

Nilifungua mdomo, hakuna kilichotoka. Akacheka peke yake, akasema: «Mimi, Mimi... Mimi njo nani?» Chumba kizima kikacheka, na mimi pia, lakini kicheko changu kilikuwa kifupi.

Hakuwa amemaliza. «Na ile mwaka, mashamba nani alilima?»

Hapo njo aibu yangu ilikuwa. Swali la kwanza ningeweza kumwachia mwanahistoria. Lakini la pili lilikuwa langu. Nilikuwa nimepiga hesabu ya unga kwa dakika kumi bila kujiuliza hata mara moja unga ule ulitoka kwenye shamba gani na mikono ya nani. Niliwaambia kwamba nitafuta jibu na kurudi. Mzee wa nyuma akasema, «Eeh, rudia shambani,» na watu wakacheka tena.

Usiku ule sikulala mapema. Nilichukua daftari, nikaandika kalenda ya kilimo ya pori letu la miombo, kama tulivyoisoma kalasini na kama wazee wanavyoifanya. Kwenye udongo wetu mwekundu wenye asidi, wakulima wa Katanga ya kusini na ndugu zao wa Zambia walizoea kukata matawi ya miti, kuyarundika, kuyachoma, na kupanda malezi ndani ya jivu. Babemba wanaiita chitemene. Jivu linapunguza asidi na kuleta potasi na fosfori. Moto unaua majani na wadudu. Kazi imegawanywa. Wanaume wanapanda juu ya miti na kukata, wakati wa kiangazi, kuanzia Mei mpaka Septemba. Wanawake wanabeba matawi na kuyarundika yakauke. Moto unawashwa mwisho wa kiangazi, mbele ya mvua ya kwanza. Mvua ikianza Novemba, mbegu inaingia.

Sasa weka vita juu ya kalenda ile. Mashua zilivutwa Agosti na Septemba. Jeshi liliingia Tabora Septemba mwaka uliofuata, baada ya kutembea miezi yote ya kiangazi, juu barabara za matope haziwezekani na mzigo. Jeshi na shamba vinataka mwanamume yuleyule katika miezi ileile. Mwanamume akichukuliwa mwezi wa sita, miti haikatwi. Miti isipokatwa hakuna jivu. Bila jivu, malezi hayatoki, na njaa haionekani mwaka huo wa vita. Inaonekana baadaye, Januari na Februari, wakati ghala ni tupu na mavuno mapya bado. Mwanahistoria akitafuta njaa kwenye tarehe za mapigano hataiona. Inakuja na miezi mingi ya kuchelewa, na watu wanaofukia maiti zao hawaambiwi kwamba ni vita.

Sitaki kutia chumvi: mashua mbili peke yake hazikuleta njaa ya jimbo zima. Lakini mashua zilikuwa mwanzo tu wa barabara. Na mwanamke aliyebaki, jibu la kalenda ni kwamba alipanda alichoweza bila mwanamume wa kukata miti: muhogo, ambao unavumilia udongo mchovu na unangoja ardhini mpaka unauhitaji. Audrey Richards, aliyeandika mwaka 1939 kuhusu chakula cha Babemba, aliona jambo la namna hii pale wanaume walipokwenda kwenye migodi: bila mkata miti, shamba linapungua na mama anapika kidogo. Ni kitabu ambacho ningetamani tungesomeshwa kwenye agronomia, badala ya kukijua kwa njia ya mwanamke mzee mwenye kitambaa cha bluu.

Swali lake la kwanza, la majina, nalo lilinifuata. Kule Ubelgiji, kwenye makumbusho ya Tervuren, kuko ukumbi wenye ukuta ulioandikwa majina 1,508 ya Wabelgiji waliokufa Congo kati ya 1876 na 1908. Hakuna Mkongomani hata mmoja pale ukutani. Makumbusho yalipofunguliwa tena mwaka 2018, msanii wetu wa Kinshasa, Freddy Tsimba, aliandika kwenye vioo vya madirisha majina ya Wakongomani saba waliopelekwa kuonyeshwa Tervuren mwaka 1897 wakafia kule. Jua likipiga, kivuli cha majina yale kinaanguka juu ya ukuta wa majina ya Wabelgiji. Siku ya mawingu hakionekani. Nairobi nao walichonga sanamu za shaba mwaka 1928, na mpagazi yuko pale pamoja na askari, lakini ni mpagazi bila jina.

Nasema hivi juu wengine kati yenu wanafikiri historia ya vita ni medali na ramani zenye mishale. Konferansi ya pili, ambayo si mimi niliyeiongea, ilifika mwaka 1941, na hapo chumba kilikuwa kigumu zaidi. Mwezi wa Julai 1941 askari wa Force Publique walishinda Waitalia kule Saïo, Uhabeshi. Wimbo wa ushindi, sawa. Mwezi wa Desemba mwaka uleule, hapa mjini, wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakitaka mshahara wa kutosha, wakakusanyika kwenye uwanja wa mpira, na askari wa Force Publique ileile waliwapiga risasi. Kiongozi wao Léonard Mpoyi alikufa pale. Mzee mmoja alisimama akasema kwamba baba yake alikuwa soda mwaka ule, na kwamba nyumbani hakuwahi kuambiwa alikuwa upande gani wa mwaka: Saïo ao uwanja. Hakuuliza kitu. Alikaa chini. Msimamizi alikuwa na akili ya kutojaza ule ukimya.

Kijana mwingine akauliza kwa nini hatuongei 1960, Katanga ya Tshombe, askari wa Umoja wa Mataifa, Kolwezi ya 1978. Jibu lilikuwa kwamba itafika zamu yake. Mimi ninafikiri ni sawa kuanza mbali, fasi ambapo hakuna mtu chumbani mwenye kuona haya kwa ajili ya baba yake, ili tuzoee kwanza kusikilizana. Lakini si sawa kuishia mbali. Kuko wanafunzi kati yetu ambao familia zao ziko Goma na Bukavu. Kwao vita si mada ya Jumamosi, na walisikiliza ile hesabu ya unga kwa uso ambao sisi wengine hatukuwa nao.

Kwa wenye kutaka kujaribu: yaya yule anatafuta bado watu, na si lazima uwe wa historia. Mtu wa jiolojia anaweza kueleza kwa nini barabara ya Mitumba ilipita pale. Mtu wa udaktari aje na kuhara damu. Mtu wa sheria aje na namna watu walivyokamatwa kwa kazi ya kubeba. Tayarisha kitu kimoja cha kushika mkononi, mfuko wa unga unatosha. Ongea Kiswahili tangu dakika ya kwanza, umeme ukiwapo ama usipokuwapo. Acha nusu ya wakati kwa maswali, na usijibu kile usichokijua kwa maneno marefu. Wazee wanatambua haraka sana.

Mwisho wa wiki ileile nilikwenda kwa nkambo wangu, mama wa mama, ambaye kijiji chao kiko upande wa Lubudi. Nilimuuliza kama mama yake aliwahi kuongea habari ya watu waliovuta mashua porini. Alisema hapana, mashua kwenye pori ni hadithi ya sungura. Nikamuuliza habari ya njaa. Hapo akanyamaza kidogo. Akasema mama yake alikuwa na neno: mwaka wa kula mbegu. Akikasirika watoto wakimwaga chakula, aliwaambia, ninyi hamkuona mwaka wa kula mbegu. Ulikuwa mwaka gani? Nkambo alinitazama kama mtu aliyeuliza uzito wa mvua. «Ilikuwa mwaka ile babaume habakukata miti,» alisema.

Nimeliandika neno kwa neno katika daftari, chini ya kalenda yangu.

Nimempigia pia mjukuu wa yule mama wa kitambaa cha bluu. Mama anakaa Kenya, si mbali na soko. Kumbe mashangazi zake walizaliwa kwenye kijiji kati ya Fungurume na Lualaba, na yeye anakumbuka majina ya nyumba nyingi za kule, baba kwa baba. Anakubali nije Jumanne. Nilimuuliza kama naweza kuleta simu ya kurekodi. Akasema simu inaisha moto katikati ya maneno, nilete buku. «Buku kubwa,» aliongeza, «na kuya asubui, juu majina ni mingi.»

Nimenunua buku ya kurasa 200.